Digrii Nne Asubuhi, Digrii Sita Jioni

Friji ya mafuta ya taa haina sauti. Ile ya stima hunguruma, na ikinyamaza mtu hugeuka kuitazama. Hii ya mafuta hukaa kwenye kona kama kabati, na chini yake huwaka mwali mdogo wa moto wa samawati ambao kazi yake, kwa namna ambayo wengi wetu hatujaielewa hadi leo, ni kutengeneza baridi. Mwali ukizimika, hakuna anayesikia lolote. Ndiyo maana kwenye mlango hubandikwa karatasi yenye visanduku, kimoja cha asubuhi na kimoja cha jioni kwa kila siku ya mwezi. Muuguzi husoma kipimajoto kilichomo ndani, kisha huandika.

Sista Nyaguthii aliitunza friji ya namna hiyo katika zahanati moja ndogo nje ya Eldoret, upande wa barabara ya Nakuru. Sitaitaja jina. Nilikuwa mwalimu katika shule iliyopakana nayo, na mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine alinieleza yeye baadaye, bila kujipamba.

Wazazi wake walitoka Nyeri kabla ya uhuru, wakaja kukama ng'ombe wa mzungu, na yeye akazaliwa kambini, katika nyumba ya nyasi iliyotazamana na zizi. Alisoma kwa shida, akasomea uuguzi, akaletwa hapo mwaka wa 1970. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye mkono mwepesi. Akina mama walisema mtoto huanza kulia wakati Sista ameshamaliza. Miaka ile ya mwanzo hakuwa na mzaha na kazi. Jumapili baada ya kanisa alitembea kilomita tatu kuja kuinama mbele ya friji, asome kipimajoto, aandike, arudi nyumbani.

Lakini kulikuwa na desturi, na yeyote aliyewahi kufanya kazi ya serikali anaijua: karatasi nzuri ni ile isiyo na pengo. Msimamizi alipokuja hakuuliza kama friji ina baridi. Aliuliza kama karatasi imejaa. Kwa hiyo wauguzi walizoea kujaza ya Jumamosi na Jumapili siku ya Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani. Digrii nne asubuhi, digrii sita jioni. Nimeziona karatasi za zahanati nyingine, na zote zinasema hivyo hivyo, mwezi baada ya mwezi. Ungedhani wilaya nzima ina friji moja.

Naye Nyaguthii alizoea. Alikuwa amekodi nyumba mtaa wa West Indies, Eldoret, ili binti zake wasome mjini, na kila Ijumaa aliwafuata huko. Mzee Jeconia, mhudumu wa zahanati, ndiye aliyebaki kuongeza mafuta na kukata utambi, na kwa kuwa Jeconia alikuwa mwaminifu, ule uongo mdogo wa karatasi haukumdhuru mtu. Mambo yalikwenda hivyo miaka sita au saba.

Tarehe ishirini na nne Desemba, mwaka wa 1986, Jeconia alimjia akiwa amevaa koti lake la safari.

"Sista, mimi naenda Maragoli. Ndugu yangu anaoza msichana, na miaka mitatu sijala Krismasi kwetu."

"Enda, mzee. Nani amekukataza?"

"Na hii mama baridi?" Hivyo ndivyo alivyoiita friji.

"Mimi nitakuja Jumamosi kumpea chakula. Enda, usinywe sana."

"Nikinywa sana nitapatikana wapi? Kule kila mtu ananijua."

Walicheka. Kisha Nyaguthii akachukua kalamu, akajaza visanduku vya likizo yote, kwenye karatasi ya Desemba na ya Januari, kuanzia siku ile hadi Jumapili ya tarehe nne Januari. Digrii nne, digrii sita. Ilimchukua dakika moja hivi. Akafunga mlango.

Tangi la friji lilitosha siku saba. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Na Jumamosi hakwenda. Nilipomuuliza ni kwa nini, nilitarajia kusikia habari ya ugonjwa au msiba. Aliniambia kulikuwa na wageni, na nyama, na watoto walikuwa wamefurahi, akaona aibu kuwaacha. Jumamosi iliyofuata hakuikumbuka kabisa. Sina sababu nyingine ya kuandika, kwa kuwa haikuwepo.

Jumatatu ya tarehe tano alifungua chumba, akanusa masizi. Aliinama, akaona utambi mweusi uliokauka. Akafungua mlango. Vifurushi vya barafu vilivyopangwa ndani vilikuwa maji matupu, na kipimajoto kilisema digrii ishirini na sita, kwa maana chumba kile kilikuwa cha mabati na jua la Januari halina huruma. Chupa za chanjo ya ukambi zilikuwa zimejipanga pale pale alipoziacha, safi, zisizo na dalili yoyote. Chanjo iliyoharibika haibadiliki rangi wala harufu.

Jeconia alikuwa amerudi alfajiri. Alikuja akasimama nyuma yake.

"Sista, hii imeenda."

"Naona."

"Lakini karatasi inasema baridi."

Jeconia hakusema kwa kejeli. Alikuwa anasoma tu kilichoandikwa. Lakini Nyaguthii alinieleza kwamba maneno yale ndiyo yaliyomfunga miguu. Kanuni ilisema amwage chupa zote na aandike ripoti. Ripoti ingeuliza friji ilizimika lini. Na pale mlangoni, kwa mwandiko wake, palikuwa na siku kumi na mbili za baridi safi. Hangeweza kusema ukweli kuhusu chanjo bila kusema ukweli kuhusu karatasi. Nje, akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wengine wameketi kwenye nyasi, kwa sababu zahanati ilikuwa imefungwa likizo nzima. Chanjo nyingine ingeletwa mwisho wa mwezi.

Aliwasha utambi mpya. Akanawa mikono. Akaita mtoto wa kwanza.

Siku ile aliwachoma watoto arobaini na watatu sindano ya ukambi. Kwa kila mmoja aliandika tarehe kwenye kadi, akaweka sahihi, akampa mama. Mama akaikunja kadi ndani ya karatasi ya nailoni, akaenda nayo nyumbani kuiweka chini ya godoro, mahali pa vitu vya thamani.

Simtetei. Nimesoma chuoni vitabu vingi vinavyoeleza jinsi mfumo mbovu unavyomharibu mtu mwema, na naviamini. Lakini mfumo haukushika sindano ile. Aliyeishika alikuwa mwanamke aliyejua, na kati yake na mtoto wa arobaini na tatu kulikuwa na nafasi arobaini na mbili za kusimama.

Mwezi wa pili ukambi ukazuka katika kambi ya shamba moja jirani. Nyaguthii akaanza kukosa usingizi. Mwishowe alipanda kwenda mjini kumwona msimamizi wake, Bwana Kiarie, kijana kuliko yeye kwa miaka kumi, mwenye beji ya chama kifuani na ramani ya wilaya ukutani iliyopakwa rangi ya kijani mahali palipochanjwa vizuri. Eneo la zahanati yake lilikuwa kijani kibichi.

Alimweleza yote. Kiarie aliinuka, akafunga dirisha.

"Nani mwingine anajua?"

"Mhudumu wangu."

"Sista, wewe ni mtu mzima. Hata chanjo nzuri kabisa huacha mtoto mmoja au wawili kwa kila kumi. Mtoto akipata ukambi, huwezi kujua ni makosa yako."

"Hiyo ndiyo shida, Bwana Kiarie. Siwezi kujua."

"Na ukiwaambia hao wamama, unafikiri nini itatokea? Si unakumbuka ile maneno walikuwa wanasema, ati sindano inafunga uzazi? Imetuchukua miaka mitano kuwaleta. Utavunja kwa siku moja. Halafu hii asilimia tisini ya watoto wamechanjwa, Bwana DC ameisoma kwa baraza. Mbele ya watu!" Alishusha sauti. "Waite. Waambie ni sindano ya kuongeza nguvu. Watoto watapona, wewe utapona, mimi nitapona. Nani ameumia?"

Kiarie hakuwa mpumbavu, wala hakutaka watoto wafe. Njia yake ilikuwa na kila kitu isipokuwa ukweli, na Nyaguthii aliishika kwa mikono miwili. Alirudi, akatangaza kanisani na sokoni kwamba wote waliochanjwa tarehe tano Januari waje kuongezwa nguvu.

Walikuja tisa.

Mvua ilikuwa imeanza. Watu walikuwa mashambani wakipanda mahindi, na mama gani atakayeacha jembe, amfunge mtoto mgongoni, atembee saa mbili kwenye matope kufuata sindano ya ziada? "Kadi inasema amemaliza," walimwambia Jeconia alipokutana nao njiani. Sahihi ya Nyaguthii ilikuwa inamshinda Nyaguthii mwenyewe.

Kisha akaja Jepkosgei. Alikuwa mke wa mkulima mdogo, mama wa watoto wanne, na wa mwisho, Kiprop, alikuwa mmoja wa wale arobaini na watatu. Alifika asubuhi mtoto akiwa amefunikwa kwa kanga, macho yamevimba na kujaa usaha, ngozi inakwaruza kama gome. Nyaguthii hakuhitaji kumpima.

"Ameugua siku ngapi?"

"Leo ya sita."

"Siku sita, Mama Kiprop! Kwa nini hukumleta?"

Jepkosgei akatoa kadi, akaikunjua polepole. "Nilifikiri ni joto tu. Mama mkwe alisema ni ukambi. Nikamwambia hapana, angalia hapa, huyu amechomwa."

Nyaguthii alimpeleka mjini siku ile ile kwa lori la maziwa, akakaa naye kwenye foleni hadi mtoto akalazwa. Kiprop alipona. Lakini aliporudi nyumbani baada ya wiki mbili, jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na utando mweupe, na daktari alikuwa amemwambia Jepkosgei asitarajie lirudi.

Kesho yake Nyaguthii alichukua rejista, akafunga zahanati saa nane, akaenda kwa Jepkosgei. Alimkuta akitenganisha mbegu uani. Alimwambia akiwa amesimama. Hakutaja Krismasi, wala msimamizi, wala mvua. Alisema, "Friji ilizimika, nilijua, nikamchoma, nikaandika."

Jepkosgei aliendelea na mbegu zake kwa muda. Kisha akasema:

"Mimi macho yangu iliona ukambi. Siku ya pili niliona. Lakini nikaamini mkono yako kuliko macho yangu."

Jepkosgei akatupa kando mbegu mbovu.

"Wengine ni wangapi?"

"Wamebaki thelathini na watatu."

"Basi kwa nini umesimama hapa kwangu? Enda uwaambie. Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi, na mimi sitawaambia vizuri."

Alitembea siku nane. Asubuhi alihudumia wagonjwa, mchana akaenda na rejista chini ya mkono, nyumba kwa nyumba, matope hadi magotini. Kiarie alimtumia ujumbe kwamba aache mara moja. Aliukunja, akauweka ndani ya rejista, akaendelea. Kuna nyumba alizokaribishwa chai kabla ya kusema, na chai ikaondolewa baada ya kusema. Mzee mmoja alimfukuza kwa fimbo. Mama mmoja alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akakaa chini.

Nilikuwa dukani kwa Mahamud Nur nikinunua chaki alipoingia kumtafuta Khadija, mke wa Mahamud, ambaye binti yake Asha alikuwa kwenye orodha. Khadija alikuwa mwanamke wa maneno, na alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameweka mikono kiunoni.

"Siku kumi na mbili! Na hii duka iko na pipa nzima ya mafuta ya taa, hapa, mbele ya pua yako! Ungepiga hodi tu, Sista. Hata siku ya Krismasi. Sisi tunakula Krismasi?"

"Mafuta haikuwa shida, Mama Asha. Mimi ndiye sikuja."

"Wallahi, ungenyamaza singejua."

"Najua."

"Sasa unaniambia ya nini? Unataka nikusamehe?"

"Hapana. Asha akipata joto, utaangalia kadi, utangoja. Sitaki ungoje. Mlete Jumatatu achomwe upya."

Khadija akashusha mikono kiunoni. Akasema kwa sauti ya chini yenye ukali kidogo, "Nitakuja. Lakini sichomi mtoto mpaka nione hiyo kipimo na macho yangu."

Alikuja Jumatatu, na wengine walikuja, na Khadija akawa ndiye askari wa mlango. Aliwapanga akina mama mstari, na kila mmoja akaingia chumba kile cha mabati kusoma kipimajoto kabla ya kukubali. Wasiojua kusoma walionyeshwa mstari na Khadija kwa kidole: "Hii nyekundu ikikaa hapa, sawa. Ikipanda hapa, beba mtoto wako uende." Nyaguthii alisubiri kando, sindano mkononi, mpaka kila mmoja aliporidhika. Sijawahi kuona mtumishi wa umma akikaguliwa na umma namna ile. Nilitamani kila ofisi ya nchi hii ipate asubuhi moja kama ile.

Ishirini na wanane walichanjwa upya. Wanne walikataa katakata, na hawakurudi tena zahanati ile kwa jambo lolote. Kwa hao wanne Kiarie alikuwa amesema kweli, nami siwezi kuwaficha. Mmoja hakupatikana.

Barua ya kumsimamisha kazi ilikuja mwezi wa tano. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali panapotaja karatasi ya joto. Hapapo. Hapapo pia panapotaja chupa, wala tarehe tano Januari, wala jicho la Kiprop. Kosa lake lilikuwa kueneza habari za kutia wananchi hofu na kuidharau huduma ya afya ya serikali. Miaka saba ya digrii nne na digrii sita haikuwa kosa. Alipoandika uongo alipandishwa cheo mara mbili. Sasa karatasi nyingine imebandikwa kwenye mlango ule, muuguzi mwingine anaijaza, na mwezi wa sita nilipopita siku ya Ijumaa nilikuta Jumapili imeshaandikwa. Wenzangu wananishauri nisiandike hili. Naandika.

Alirudi West Indies, kwa binti zake. Majirani walidhani atafungua kibanda cha dawa, kama wafanyavyo wengi. Badala yake alikuwa anauliza habari za Nanzala. Huyu ndiye mama wa yule mtoto asiyepatikana, kibarua anayefuata kazi za shamba kutoka msimu hadi msimu. Jeconia, ambaye ni mtu wa kwao Nanzala, ndiye aliyesikia kwamba yuko upande wa Moiben, kwenye palizi.

Nyaguthii alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alielekezwa vibaya. Mara ya pili alimkuta kwenye shamba la mahindi yaliyofika kiunoni, mtoto amelazwa kwenye kivuli cha gunia lililotundikwa kwenye vijiti. Nanzala hakumtambua bila sare.

"Mimi ni Sista. Wa zahanati."

"Sista! Umefuata nini huku porini?"

Akamweleza. Nanzala alisikiliza akiegemea jembe.

"Kwa hivyo wamekufukuza."

"Wamenisimamisha."

"Na hauna sindano."

"Sina. Sina ruhusa hata ya kuishika. Lakini kuna kliniki hapa Moiben, na leo ni siku ya watoto. Nimeuliza."

"Nyapara atanikata siku."

"Nitaongea na yeye."

"Utamwambia nini?"

"Kile nimekuambia."

Nanzala aliangua kicheko, cha kwanza Nyaguthii alichokisikia katika miezi mitatu. "Wewe mama, utamaliza Kenya yote na hiyo hadithi?" Lakini alikuwa ameshaweka jembe chini, anamfunga mtoto mgongoni.

Kliniki ilikuwa imejaa. Zamu yao ilipofika, muuguzi wa pale, msichana aliyetoka chuoni juzi, aliitazama kadi akakunja uso.

"Mama, huyu ameshachomwa ya ukambi. Tarehe tano Januari. Sahihi ndiyo hii."

"Hiyo haikufanya kazi," Nyaguthii alisema.

"Wewe umejuaje? Wewe ni nani yake?"

"Mimi ndiye nilimchoma. Dawa ilikuwa imeharibika, na nilijua."

Watu kwenye benchi waligeuka. Msichana alimtazama, akaitazama sahihi, akamtazama tena. Nyaguthii akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haki ya kuuliza, kama angeweza kuona kipimajoto. Msichana alisita. Halafu akasogea kando. Nyaguthii aliinama, akasoma, akarudi mahali pake.

Msichana akavuta dawa. Nanzala alimfungua mtoto kutoka mgongoni, akamweka magotini, naye akaanza kurusha miguu hata kabla ya kuona sindano.

"Sista, usisimame tu hapo," Nanzala alisema. "Shika hii miguu. Huyu anapiga mateke kama punda."

Nyaguthii akapiga magoti kwenye simiti, akaishika.